Ramani si Haki

Katika zana zote zilizobuniwa kwa ajili ya kuwaongoza watawala, ramani ndiyo ipendwayo kuliko nyingine. Kitabu cha hesabu huchosha macho, na malalamiko ya wazazi huchosha masikio. Lakini ramani hupendeza hata ikiwa habari zake ni za msiba. Kwa hiyo si ajabu kwamba wizara za elimu, vyuo vikuu na mashirika ya misaada yamezipokea kwa furaha kubwa ramani mpya za kompyuta. Hizi si ramani za karatasi zikaazo kimya ukutani. Hujibu kila ziguswapo. Kidole kikiwekwa juu ya Turkana, idadi ya shule hutokea. Kikihamishwa juu ya Kwale, idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu hujiandika. Mwaka ukibadilishwa, rangi nazo hubadilika, nyekundu ikawa manjano na manjano ikawa kijani.

Watetezi wa ramani hizi wana hoja yenye vidato vitatu kama ngazi. Kwanza husema kwamba tofauti ya elimu kati ya mtoto na mtoto imedumu kwa sababu wakubwa hawakuiona. Pili, kwamba ramani itawaonyesha. Tatu, kwamba wakiisha kuona, watatenda. Mwenye macho, wao husema, haambiwi tazama. Hoja hii ni tamu kusikika, nayo imeenea sana katika mikutano na vitabu vya mipango. Walakini kila kidato chake kimeoza, na wanaoanguka si wale walioitengeneza ngazi. Wanaoanguka ni watoto. Mambo ya Kenya, nchi iliyowatangulia wengi katika Afrika kuweka takwimu zake wazi mbele ya watu, yatosha kuuthibitisha ubovu huo.

Kidato cha kwanza ni kisingizio cha kutoona. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Shule za Kenya hazikuota kama uyoga, zikawa nyingi penye mvua na chache penye jua. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika kwenye Ziwa Viktoria mwaka 1901 ilifuatwa na walowezi, misheni na maofisa, na shule zikawafuata hao. Nchi kavu ya kaskazini ilifanywa wilaya iliyofungwa. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ya kibali. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 palikuwa na nafasi ya kuifuta ramani ile ya zamani. Badala yake Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya, ulishauri kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, penye njia za usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Ilitumainiwa kwamba faida ingewafikia wengine baadaye.

Hiyo baadaye haikufika. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa sera yake ya kwanza mwaka 2013 juu ya sehemu zilizoachwa nyuma, ilitaja kaunti 14. Majina yake ni Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Msomaji yeyote wa historia angaliweza kuandika sehemu kubwa ya orodha hiyo miaka 40 kabla yake bila ya kompyuta wala kalamu ya rangi. Basi wakubwa hawakuwa vipofu. Tofauti ya elimu ilikuwa tunda la shauri lililoandikwa, likatiwa sahihi, likawekwa katika makabati ya serikali. Ofisa ashangaaye leo mbele ya ramani nyekundu ya kaskazini hashangazwi na jambo geni. Ashangazwa na kazi ya mikono ya ofisi yake mwenyewe. Kumwambia kwamba alikosa ramani tu ni kumpa udhuru asioustahili.

Kidato cha pili ni madai ya kwamba ramani huonyesha. Huonyesha, ni kweli, lakini huonyesha kile ilicholishwa, kwa kipimo alichokichagua mchoraji, na katika mipaka iliyowekwa na mwingine. Dosari ya kwanza yatoka katika wastani. Na itwaliwe kwa mfano wilaya yenye shule mbili. Moja ina wanafunzi 300 na walimu 10. Ya pili ina wanafunzi 300 na walimu 4. Katika shule ya kwanza kila mwalimu ana watoto 30, na katika ya pili ana watoto 75. Ramani huchukua watoto wote 600, ikawagawanya kwa walimu 14, ikapata watoto 43 kwa kila mwalimu. Kama kipimo kilichowekwa ni 45, wilaya nzima hupakwa kijani. Hakuna aliyesema uwongo, na hesabu ni sahihi. Ila watoto 300 wamefutwa, na mwalimu wao aliye na darasa la watu 75 ameambiwa na rangi kwamba hana shida.

Jambo hili si la kubuni tu. Sera ile ya mwaka 2013 ilipima kaunti nzima nzima. Sera ya pili ya tume iyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2018, iliacha kupima hivyo ikashuka hadi maeneo madogo. Ikapata maeneo 1,424 yaliyoachwa nyuma, nayo yalikuwa ndani ya kaunti 34. Wakazi wa kaunti 20 katika hizo walikuwa na dhiki ile ile mwaka 2013. Walikosa kuonekana kwa sababu waliishi karibu na jirani aliyeshiba. Mstari wa mpaka ulisogezwa, na maskini wakatokea kama waliozaliwa usiku mmoja.

Dosari ya pili ni kwamba ramani hupaka ardhi, ilhali wanaosoma ni watu. Kaunti ya Marsabit ina eneo lipitalo kilomita za mraba 65,000, na Nairobi ina kama 700 tu. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Marsabit ilikuwa na watu karibu 460,000, na Nairobi karibu milioni 4.4. Juu ya kioo Marsabit ni shuka pana na Nairobi ni kifungo cha shati. Ndani ya kifungo hicho mna Kibera, Mathare na Mukuru, mitaa ambamo watoto wengi hawasomi katika shule za serikali bali katika vyumba vya mabati vilivyofunguliwa na watu binafsi, makanisa na vikundi vya wazazi, na baadhi ya shule hizo hazimo katika daftari lolote. Jicho livutwalo na ukubwa wa rangi hupita juu yao bila ya kusita. Hili halisemwi ili Marsabit ipunguziwe, maana dhiki ya Marsabit ni ya kweli. Lasemwa kwa sababu chombo kipimacho dhiki kwa upana wa ardhi si mizani ya haki.

Dosari ya tatu ni ya wakati. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya Kenya ilifanya kazi kubwa na ya kusifika: shule zilitembelewa na mahali pake pakapimwa kwa vyombo vya setilaiti. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua hazina ya takwimu za wazi, na orodha ile ya shule ikatiwa humo. Wachoraji wakaishangilia, na ramani nyingi zikachorwa. Lakini mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2007 alimaliza darasa la nane mwaka 2014, na ramani zilizotegemea takwimu zile ziliendelea kumwonyesha akiwa darasa la kwanza. Katika muda huo mikoa iliondolewa, kaunti 47 zikaanza kazi mwaka 2013, shule mpya zikajengwa na nyingine zikafa. Kioo kilikuwa kipya, hesabu zilikuwa za zamani. Uzuri wa kioo huficha uzee wa hesabu kuliko karatasi ifichavyo, kwa kuwa karatasi huchakaa na kumwonya msomaji, lakini kioo hakichakai.

Dosari ya nne yapita zote kwa ubaya, nayo ni ya wasiohesabiwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 2017 Kenya ilianzisha daftari la kompyuta la wanafunzi lililojulikana kwa jina la NEMIS, na fedha ambazo serikali hutoa kwa ajili ya kila mwanafunzi zikafungamanishwa na majina yaliyoandikwa humo. Ili mtoto aandikwe, ilitakiwa namba ya cheti cha kuzaliwa. Ni nani wasiokuwa na vyeti? Ni watoto wa wafugaji waliozaliwa mbali na zahanati, watoto wa mipakani, mayatima, na watoto wa jamii ambazo dola yenyewe ilikataa kuzijua. Wapemba walioishi pwani ya Kenya kwa vizazi kadhaa hawakutambuliwa kuwa jamii ya nchi hiyo hadi mwaka 2023. Mtoto wa namna hii alikaa darasani, akala chaki na vumbi sawasawa na wenzake, akafundishwa na mwalimu yule yule; lakini katika daftari hakuwapo, na fedha zake hazikuja. Shule iliyompokea iliadhibiwa kwa huruma yake. Kisha ramani iliyochorwa kutoka katika daftari hilo ilionyesha kwamba shule hiyo ina wanafunzi wachache, basi mahitaji yake ni machache. Yaani palipo na dhiki nyingi, hesabu ilikuwa ndogo. Na palipo na hesabu ndogo, msaada ulikuwa mdogo. Ramani ya namna hii haipimi ukosefu wa usawa, yauzidisha.

Dosari ya tano ni kuchukua nukta kuwa shule. Januari mwaka 2020 wauaji wa Al-Shabaab walivamia Kamuthe katika kaunti ya Garissa wakawaua walimu watatu. Baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wasiokuwa wenyeji kutoka katika sehemu nyingi za Garissa, Wajir na Mandera. Hofu yao ilikuwa ya haki, na hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini madarasa yalibaki bila ya walimu, na nukta zikabaki juu ya ramani zikimeta kama jana. Vivyo hivyo ramani huzungusha duara la kilomita kadhaa kila upande wa shule, ikatangaza kwamba wote walio ndani ya duara wako karibu. Duara hilo ni la ndege. Mtoto wa ng'ambo ya Mto Tana, wakati wa mafuriko, hana mabawa. Na mtoto wa mfugaji hukaa ndani ya duara mwezi huu, mwezi ujao yuko nje yake pamoja na ng'ombe wa baba yake.

Kidato cha tatu ndicho kinachotegemewa zaidi na ndicho dhaifu zaidi: ya kwamba aonaye hutenda. Historia ya ramani yenyewe yakanusha. Mwaka 1889 Charles Booth alitoa ramani ya umaskini wa London, mtaa kwa mtaa, nyeusi kwa mafukara wa mwisho na manjano kwa matajiri. Habari zake nyingi alizipata kwa maofisa wa bodi ya shule, watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika watoto. Hivyo ramani hii mashuhuri ni mtoto wa daftari la shule. London nzima iliiona. Booth mwenyewe alitaka wazee walipwe pensheni, na sheria ya pensheni hiyo haikupita hadi mwaka 1908, baada ya miaka 19 ya mabishano ya wafanyakazi, vyama na wabunge. Rangi haikulisha mzee hata mmoja. Kilichomlisha ni sheria iliyotaja umri, kiasi cha fedha na mahali pa kuzipokea.

Ushahidi wa karibu zaidi upo. Tangu mwaka 2009 wajitolea wa Uwezo walizunguka vijiji vya Kenya, Tanzania na Uganda, wakaingia nyumbani kwa watu wakawapima watoto kusoma na kuhesabu. Kazi hiyo ilikuwa na fadhila ambayo ramani nyingi hazina: mtoto alipimwa kwao, hata kama hakuandikwa shuleni, na mzazi aliambiwa matokeo papo hapo. Lakini Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walipochunguza vijiji vya Kenya na kuchapisha uchunguzi wao mwaka 2014, hawakuona kwamba habari hizo ziliwafanya wazazi watende zaidi ya wenzao wasiopewa. Na isisemwe kwamba wazazi ni wazito. Mzazi akiambiwa kuwa mtoto wake hajui kusoma, naye hana mamlaka ya kumwita mwalimu, hana fedha za kuongeza mwalimu, wala hana mlango wa kubisha, ameongezewa huzuni tu. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mzazi mwenye uchungu wa damu, ofisa wa mbali asiye na uchungu wala sharti atasukumwa na nini?

Watetezi watajibu kwamba hata hivyo ramani ni bora kuliko giza. Jibu hilo lina kweli ndani yake, na kweli haifai kunyimwa haki yake hata ikitoka kinywani mwa mpinzani. Pasipo hesabu, walimu hugawanywa kwa udugu na madarasa hujengwa kwa kura. Mbunge mwenye sauti hupata, na mnyonge hukosa bila ya kuwa na hata karatasi ya kuonyesha alichokosa. Ramani nzuri humpa mnyonge karatasi hiyo. Hakuna asemaye ichomwe. Kinachokataliwa ni kuivika joho la hakimu, hali yake ni shahidi. Na shahidi huulizwa maswali, hukosolewa, na baada ya ushahidi wake hukumu hungojewa kwa mwingine.

Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kudaiwa kwa kila serikali itakayo kuongoza elimu kwa ramani. La kwanza, kila rangi iwe deni. Palipopakwa rangi nyekundu, sheria itaje walimu wangapi watapelekwa, fedha kiasi gani, na kwa tarehe ipi, na kioo kile kile kionyeshe kilichoahidiwa na kilichofika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilianza njia hii: Ibara ya 53 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Ibara ya 204 yatenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa sehemu zilizoachwa nyuma, kwa miaka 20. Ni kweli kwamba utekelezaji ulisuasua, na fedha zilizofika zikabaki nyuma sana ya zile zilizostahili. Lakini tofauti ni kubwa. Mtu wa Wajir anayeshika ibara ya katiba anaweza kusema anadai kiasi gani na anamdai nani. Anayeshika ramani anaweza kusema tu kwamba anasikitika.

La pili, ramani ifike barazani kabla ya kufika wizarani. Wazazi, walimu na wazee wa kila eneo wapewe karatasi yao, kwa lugha waijuayo, waseme hapa mto hukata njia, hapa shule imefungwa, hapa pana watoto 40 wasioandikwa. Ibara ya 35 ya katiba ile ile yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na haki ya kupata ina dada yake, nayo ni haki ya kusahihisha. Kuwaambia watu wasio na umeme kwamba habari zao ziko wazi ndani ya kompyuta ni kuwakaribisha karamuni na kuuondoa mlango.

La tatu, ramani ikiri isichokijua. Kila rangi iandikwe mwaka wa hesabu zake. Mahali pasipohesabiwa paachwe peupe, na weupe huo uwe dalili ya hatari, pasipakwe rangi kwa kukisia wala kwa wastani wa majirani. Na palipo peupe ndipo mkaguzi apelekwe kwanza, kwa miguu ikibidi. Vile vile mtoto asifungiwe nje ya daftari kwa kukosa cheti ambacho ni wajibu wa dola kumpa. Daftari limwandike leo, na cheti kimfuate.

Haya yakikataliwa, itajulikana kwamba ramani haikutakiwa kwa ajili ya watoto bali kwa ajili ya wafadhili na wageni wa mikutano, waone rangi na kusifu. Yakikubaliwa, hapana atakayeidharau ramani tena. Mtoto wa darasa la kwanza ana miaka michache tu ya kufundishwa kusoma, nayo haingoji takwimu zipikwe zikaiva. Ahadi ni deni, na rangi nyekundu juu ya jina la kijiji ni ahadi iliyotolewa hadharani: ama ilipwe, ama aliyeipaka aeleze mbele ya kijiji hicho kwa nini hakulipa.